Vyungu Vinavyoamkiwa Asubuhi

Barua ya mwalimu ilifika Ifakara siku ya Jumanne, imebanwa ndani ya kofia ya dereva wa lori la mpunga, na ilimkuta Katarina ameshika tumbo la mtungi kwa mikono miwili. Kazi ya udongo haijui ngoja kidogo. Ukiliachia tumbo la mtungi kabla halijasimama, linakaa chini kama mlevi. Kwa hiyo hakunyanyuka. Alimwambia mwanawe Viktor aipokee na kuisoma mwenyewe, maana barua ilikuwa yake, na kusoma ndiko kulikompeleka ng'ambo ya ziwa kwenye chuo kikuu, mtu wa kwanza kutoka mtaa wao.

Viktor akaisoma kimya. Akairudia. Kisha akakaa juu ya gogo bila kulipangusa, naye alikuwa amevaa suruali yake nyeupe.

Baba yake, Melkiori, alisogeza kigoda. Melkiori alipenda mno barua za chuo. Zilizotangulia alizijua kwa ghibu, na pale kivukoni hapakuwa na mpiga kasia hata mmoja asiyejua kwamba Viktor alikuwa na kitanda cha peke yake na taa inayowashwa ukutani. Akamwambia kijana asome kwa sauti, asiwafiche wazee wake habari njema.

Habari zenyewe zilikuwa hivi. Mwalimu Antoni, aliyemfundisha Viktor habari za mila, alikuwa safarini, na Ijumaa angefika Ifakara kwa lori kutoka Kilosa. Alikuwa ameipata insha ya likizo ambayo Viktor aliituma kwa posta. Amevutiwa hasa na ukurasa wa tisa, unaoeleza jinsi wafinyanzi wa bonde wanavyoviamkia vyungu vyao. Angependa kuiona desturi hiyo kwa macho yake, na kumsalimu mama aliyeieleza.

Katarina aliposikia neno mama alitabasamu. Tabasamu likasimama njiani.

"Desturi gani hiyo?" akauliza.

Viktor akaingia ndani, akatoka na nakala yake. Aliiandika kwa Kiingereza, kwa hiyo aliwageuzia polepole kwa Kiswahili. Mfinyanzi wa bonde, insha ilisema, hasemi na mumewe kwa siku tatu kabla ya kuchoma vyungu. Akienda kuchimba udongo, huondoka shimoni kinyumenyume, ili udongo uliobaki usione mgongo wake ukaona umedharauliwa. Na asubuhi ya kuchoma, huvipanga vyungu kwa umri, hupiga goti mbele ya kila kimoja, hukiita kwa jina na kukiambia shikamoo. Chungu kinachopasuka motoni ni kile ambacho hakikuamkiwa kwa adabu.

Katarina aliuachia mtungi. Ulikaa chini, naye hakuuona. Alianza kucheka kwa mabega, bila sauti, halafu sauti ikaja, akawa anafuta machozi kwa mkono wa udongo hadi paji la uso likawa kama ukuta uliokandikwa upya. Melkiori naye alicheka, kwa sababu mkewe anacheka. Viktor hakucheka, na uso wake ndio uliokata kicheko cha mama yake.

"Mwanangu," akasema, "umezaliwa kwenye udongo huu. Umeniona lini nimekipigia goti chungu?"

"Nilidhani ni mambo ya zamani, mama. Nilidhani mliyaacha mlipobatizwa."

"Nilibatizwa nikiwa na siku nane."

Ndipo Viktor alipoyasema yote. Kwenye kabati la misheni kulikuwa na karatasi za marehemu Padri Fridolin, zilizopigwa chapa kwa Kiswahili, zenye habari za kazi za wenyeji. Likizo yake ilikuwa imeliwa na mapenzi ya watu. Kila nyumba ilimwita ikamchinjia kuku, kila mwenye barua alimletea amsomee, na arusi ya Lupiro peke yake ilichukua siku nne, kwa kuwa bwana arusi hakutaka msomi aondoke kabla ya wengine. Tarehe ya kutuma insha ilipokaribia, alikaa misheni alasiri mbili, akazigeuza karatasi za Padri kuwa Kiingereza, na pale Padri alipoandika "wenyeji husema", yeye akaandika "mama yangu aliniambia".

Katarina alimkumbuka Padri Fridolin vizuri. Ilikuwa zamani za nzige, Viktor mwenyewe akiwa mgongoni. Padri alikuja shimoni na kiti chake cha kukunja, akakaa juani siku tatu akiuliza. Kwa nini mnachimba hapa? Kwa sababu udongo uko hapa. Kwa nini wanachimba wanawake? Kwa sababu wanaume wako kwingine. Kila jibu la kweli lilimwongezea huzuni. Siku ya tatu wanawake walimwonea huruma, wakampa majibu yaliyomfaa, naye akaandika hadi kalamu ikakauka. Tangu hapo hapakuwa na arusi wala mavuno ambapo Katarina hakuombwa asimulie siku alipomfundisha Padri kuviamkia vyungu.

"Sasa kuna ubaya gani?" Melkiori akauliza. "Mama yako ndiye aliyesema. Umeandika mama yako amesema."

Viktor akaeleza, akitazama chini. Juma la kwanza la chuo kila mwanafunzi hutia sahihi karatasi. Anaahidi kwamba kila anachoandika ni chake, na kwamba alichokitoa kwa mwingine atasema amekitoa kwa nani. Anayevunja ahadi hiyo hurudishwa kwao. Mwaka jana walirudishwa wawili, na sanduku la mmoja wao yeye Viktor ndiye aliyelibeba hadi kwenye basi.

Katarina akachukua udongo ulioanguka, akaanza kuukanda upya.

"Kila mfinyanzi ana alama yake," akasema. "Yangu ni kucha tatu. Ya dada Stefania ni gunzi lililozungushwa. Mtu akinunua chungu hutazama shingoni, kikivuja ajue aje kumtukana nani. Wewe umechukua chungu cha Padri ukatia kucha zangu."

"Niligeuza lugha, mama. Hata hiyo ni kazi."

"Ukiiba chungu ukakipaka rangi, umepaka rangi. Hujafinyanga."

*

Wazo la kumwokoa Viktor lilitoka kwa Melkiori, na lilimjia usingizini, jambo lililomfanya aliamini. Desturi, alisema alfajiri ya Jumatano, ni kitu ambacho watu wanakifanya. Basi mwalimu akifika, watu wakifanye. Vyungu vipo, vinangoja kuchomwa. Magoti yapo. Jumamosi asubuhi vitaamkiwa, mwalimu ataona, ataandika, atapanda lori. Na kuanzia hapo insha itakuwa ya kweli, kwa sababu itakuwa imetokea.

Katarina hakulipenda. Lakini alimtazama mwanawe, aliyekuwa amekonda usiku mmoja kama mtu wa homa, akaona lile sanduku likishushwa kutoka kwenye lori mbele ya soko zima, na watu wale wale waliomchinjia kuku wakigeuza nyuso kwa huruma. Huruma ya jirani huuma kuliko kicheko chake. Akakubali.

Mazoezi yalianza siku ile ile, na aliyeumia wa kwanza ni mwenye wazo. Ili mambo yaende kama yalivyoandikwa, Katarina aliacha kusema na mumewe. Melkiori aliuliza chumvi iko wapi. Mkewe akaelekeza kidole. Aliuliza kama shati lake la kanisani limefuliwa. Mkewe akatazama mawinguni. Alhamisi jioni alimweleza kwa kirefu ugomvi wake na watu wa kivukoni, na alipomaliza ndipo alipoona kwamba anazungumza na kuku. Katarina, kwa upande wake, aliziona siku hizo kuwa za mapumziko, akajiuliza moyoni kama ule uongo wa zamani haukuwa na hekima kidogo.

Stefania alikuja kusaidia. Alikuwa mjane, jirani wa ua kwa ua, mkubwa kwa Katarina kwa miaka kama mitano, na mtu wa maneno machache. Ndiye aliyemshika Katarina mkono alipoanza kazi ya udongo, wote wawili wakiwa chini ya marehemu bibi Rosa. Alivipanga vyungu kumi na viwili kuanzia mkubwa hadi mdogo, akavipa majina, akamfundisha Katarina namna ya kushuka goti bila kugonga kuni.

Walipokuwa wakipumzika, Stefania akauliza taratibu, kama mtu anayeuliza bei ya kitu ambacho hatanunua, "Hivi siku ile, lile neno la shikamoo alilisema nani?"

"Si ni mimi," Katarina akajibu.

"Haya," Stefania akasema, akaendelea kupanga kuni.

*

Mwalimu Antoni alifika Ijumaa jioni, viatu mkononi, kwa kuwa lori lilizama matopeni karibu na Kisawasawa na abiria wote waliteremka kulisukuma. Alikuwa mtu wa Bukoba, mrefu, wa miaka kama arobaini. Katarina alimwona tangu mbali, na kabla hajamjua ni nani aliona kwamba amembebea mkeka bibi mmoja aliyeteremka naye, na kwamba aliufikisha hadi mlangoni kwa huyo bibi ndipo akauliza kwa kina Viktor ni wapi.

"Shikamoo, mama," alisema, na akashusha magoti kidogo, kama wafanyavyo kwao.

"Marahaba, baba. Pole na matope."

Alimpa Katarina kifurushi cha buni za kutafuna, zilizochemshwa kwa majani ya manukato, zimefungwa ndani ya ganda kavu la mgomba, akaeleza kwamba kwao mgeni haendi nyumba ya mtu mikono mitupu. Wali na samaki alikula kwa furaha, akaomba ukoko. Hakumwuliza Viktor neno hata moja juu ya insha. Alimwuliza habari za arusi ya Lupiro, na Viktor alipojibu kwa maneno mawili mawili, alimwachia. Aliwauliza wenyeji kwa nini mwenye nyumba anazungumza peke yake. Melkiori akajibu kwa fahari ya huzuni kwamba ni siku ya tatu.

"Ahaa," mwalimu akasema. "Kama kwenye insha." Akaenda kulala misheni.

Jumamosi jua lilipochomoza uani palikuwa pamefagiwa. Melkiori alivaa koti. Viktor alisimama nyuma kabisa, karibu na banda la kuku. Majirani, ambao hawakuambiwa kitu, walikuwa wamejaa kwenye ua wa matete wakichungulia.

Katarina akatoka. Alikwenda mbele ya chungu cha kwanza, chungu cha pombe chenye tumbo kubwa ambacho Stefania alikuwa amekipa jina la Mzee Bonde, akapiga goti.

"Shikamoo, Mzee Bonde."

Nyuma ya ua mtu alikohoa kikohozi kisicho cha ugonjwa. Katarina akaenda kwa cha pili, akaenda kwa cha tatu. Kwa cha nne, kidogo kuliko vile vitatu, chenye umri wa siku kumi na moja, alisita, maana alikuwa na wajukuu wakubwa kuliko chungu kile. Lakini alikiamkia. Stefania, aliyesimama karibu akiwa ameshika kuni, akaitikia chini chini kwa niaba ya chungu, "Marahaba," na ua wa matete ukatikisika wote.

Mwalimu Antoni hakucheka. Alikuwa anaandika. Kisha alifanya jambo ambalo hakuna aliyelipanga. Alitia kalamu mfukoni, akavua kofia, akasogea hadi kwa Mzee Bonde, akashusha magoti yale yale aliyomshushia Katarina jana.

"Shikamoo, mzee," akasema.

Hapo ndipo Katarina aliposhindwa. Aliuona upara mdogo katikati ya kichwa cha mwalimu, akaukumbuka upara wa Padri Fridolin uliochomwa na jua siku tatu. Padri yule aliondoka shimoni akiwa na furaha kama mtoto, na juma lililofuata, Viktor aliposhikwa na homa kali, alikuja kwa miguu kwenye mvua na kwinini ndani ya leso, akakaa kando ya mkeka hadi mtoto alipotoa jasho. Katika miaka yote ya kusimulia, sehemu hiyo Katarina hakuwahi kuisimulia. Iliharibu kicheko.

"Mwalimu, vaa kofia," akasema. "Hicho ni udongo tu. Hakijui asubuhi wala jioni."

Melkiori alijishika kichwa. Katarina akabaki pale pale chini, kwa kuwa magoti yalikuwa yamekwisha kuchoka, akaeleza. Alisema yeye na wenzake walimdanganya Padri, wakiwa vijana, kwa mzaha. Hakuna mfinyanzi katika bonde hili anayeamkia chungu. Kusema na mumewe ataanza leo. Uongo huo ni wake, na hukumu yake aletewe yeye. Habari ya Viktor hakuigusa. Aliiacha wazi kama mlango, akangoja.

Kuku mmoja alipita katikati ya vyungu bila kumwamkia yeyote. Ndipo Viktor alipotoka nyuma ya banda.

"Mwalimu, mama hakuniambia neno. Sikumwuliza. Niliyatoa kwenye karatasi za Padri Fridolin, yote, kuanzia ukurasa wa kwanza."

"Isipokuwa wa tatu," mwalimu akasema. "Wa tatu uliuruka. Nadhani kurasa zako zilishikamana."

Akafungua mkoba, akatoa karatasi za zamani zilizopigwa chapa, ndugu wa zile za misheni. Padri alikuwa ametuma nakala chuoni miaka mingi iliyopita, nayo ilikuwa ndani ya maktaba, hatua thelathini kutoka darasa la Viktor. Mwalimu alizijua tangu siku ya kwanza alipoisoma insha.

"Basi umekuja kufanya nini, baba, kama ulijua?" Katarina akauliza.

"Ningeweza kumwandikia mkuu wa chuo, mama. Ni barua ya mistari mitatu. Nikaona mtu asihukumiwe kwa mistari mitatu. Na kusema kweli," akageuza kofia mkononi, "habari ya vyungu niliipenda. Nilitaka iwe kweli."

Hapo ndipo majirani waliporuhusiwa kucheka, na walicheka hadi sehemu moja ya ua ikaanguka.

Lakini mwalimu hakuwa amemaliza. Insha ile, alimwambia Viktor, ni sifuri, na itabaki sifuri, na mkuu wa chuo ataambiwa kwa nini. Yeye anavuka mto kwenda upande wa Lupiro, atarudi Alhamisi kupanda lori. Viktor akiwa na kurasa tano za mambo aliyoyaona kwa macho na kuyashika kwa mikono, na kila neno lina mwenyewe aliyetajwa, ataziweka mbele ya mkuu pamoja na ile sifuri, na Viktor atasafiri naye. Asipokuwa nazo, asijisumbue kufunga sanduku.

"Na usimkasirikie Padri," akaongeza. "Kosa lake moja ni kuandika 'wenyeji husema'. Angeandika majina, tungejua wa kumwuliza. Na wa kumcheka."

*

Viktor alivua viatu Jumapili baada ya misa. Siku zile mwanaume aliyeonekana shimoni kwa wafinyanzi ama amepotea ama anamtafuta mkewe, na Viktor alishuka humo mbele ya wanawake saba ambao wote walimjua tangu hana meno. Walimwuliza kama chuo kikuu kimehamia matopeni. Walimwuliza kama atatoka kinyumenyume. Alichimba. Alibeba kikapu kichwani, kikamteremkia usoni. Alitwanga vigae vya vyungu vilivyovunjika, akavipepeta, akavichanganya na udongo mbichi, na mama yake alipomwambia ni kipimo gani, akauliza kwa nini.

"Kwa sababu bila vigae hupasuka motoni," Katarina akasema, kisha akamtazama kwa wasiwasi. "Hilo ni kweli. Liandike."

Chungu chake cha kwanza kilikaa chini kama mlevi. Cha pili vilevile. Cha tatu kilisimama kimeinama upande mmoja, na Melkiori, aliyekuwa anapita akijifanya anatafuta jembe, alikitazama kwa muda mrefu, akasema amewahi kuona vibaya zaidi. Hakusema wapi. Lakini jioni ile alikwenda kivukoni, na walipoanza kumtania kwamba msomi wake sasa ni mama mfinyanzi, aliwajibu kwamba wao wanaokula kila siku kutoka kwenye chungu, wamwambie sehemu moja ya vigae huingia kwa sehemu ngapi za udongo. Hakuna aliyejua. Alirudi nyumbani amenyooka.

Jumatano Viktor aliandika kutwa nzima, vidole vikiwa na nyufa. Na Alhamisi asubuhi, lori likiwa sokoni linapakia mpunga, aliwasomea kurasa tano, akizigeuza kwa Kiswahili. Melkiori alikuwa amekaa juu ya sanduku lililofungwa. Stefania alikuwa anapepeta mchele.

Yalikuwa maneno ya kawaida. Udongo mweusi wa kando ya mto ni bora kuliko mwekundu: haya nimeambiwa na mama yangu, Katarina. Vigae vilivyotwangwa, sehemu moja kwa tatu: haya nimeonyeshwa na mama yangu, Katarina. Kila jina lake liliposomwa, Katarina alijitengeneza kitambaa cha kichwa. Alikuwa hajawahi kusikia jina lake mara nyingi hivyo isipokuwa siku aliyoolewa. Mwisho Viktor alieleza ule mzaha, bila kuficha: neno la kuviamkia vyungu lilibuniwa na mama yangu, Katarina, naye Padri akalipokea kwa nia njema.

Ungo wa Stefania haukusimama. Uliendelea kupanda na kushuka, ukisema shaa, shaa, na Stefania alitazama mchele kana kwamba kuna punje moja tu aitafutayo. Katarina aliusikiliza ungo ule. Aliusikia vizuri kuliko alivyomsikia mwenye ungo kwa miaka ishirini na moja.

"Futa hapo," akasema.

"Wapi, mama?"

"Hapo mwisho. Shikamoo halikuwa neno langu. Langu lilikuwa la kutosema na mume, nilikuwa nimekasirishwa na baba yako asubuhi ile. La shikamoo alilisema dada Stefania. Mimi nililisimulia tu. Nililisimulia mpaka nikalitia kucha zangu."

Ungo ukasimama.

"Ni neno dogo," Stefania akasema. "Limepita."

"Dogo, lakini lako."

Melkiori akakumbusha kwamba lori halingoji, kwamba ni jina moja tu, kwamba mwalimu hatajua. Katarina alimtazama, na Melkiori akakumbuka zile siku tatu, akanyanyuka kwenye sanduku. Viktor aliweka karatasi juu ya sanduku, akafuta, akaandika: Stefania. Huko sokoni lori likapiga honi.

"Kama ni hivyo," Stefania akasema, akiwa amerudisha macho kwenye mchele, "lile la kutoka kinyumenyume lilikuwa la bibi Rosa."

Honi ilipiga tena. Mwalimu Antoni mwenyewe alikuja hadi uani, kofia kichwani, mkoba mkononi, akauliza wanamngoja nani.

"Marehemu Rosa," Melkiori akamjibu. "Anamalizia kuandikwa."

Mwalimu alizisoma kurasa tano akiwa amesimama kwenye tairi la lori, dereva akilalamika. Hakusema ni nzuri wala mbaya. Alizikunja, akazitia mkobani upande wa zile za Padri, akapanda, akausogeza mkoba kutoka kwenye gunia la pembeni yake ili mtu apate kukaa. Katarina aliuona mkono ule ukiusogeza mkoba. Viktor akapanda na sanduku lake, na mikononi ameshika kile chungu chake cha tatu, kilichoinama.

Mchana ule wanawake wawili walivichoma vile vyungu kumi na viwili, vilivyokuwa vikingoja tangu Jumamosi. Moto ulipokolea, ndani yake kitu kililia ta, kama fimbo inayovunjika. Stefania akachokoa majivu kwa mti mrefu. Alikuwa Mzee Bonde, amepasuka kutoka shingoni hadi tumboni.

Katarina alifungua mdomo, akaufunga. Akamgeukia mwenzake.

"Sema wewe," akamwambia. "Neno ni lako."

Stefania akakitazama chungu kwa muda, akakohoa kidogo kama mtu anayesimama mbele ya watu kwa mara ya kwanza.

"Siku ya Jumamosi," akasema, "ulipomshushia goti, niliona kabisa hukushusha na moyo."